Mizani ya mfukoni ya wanegosia wa dhahabu: inamfaa mkusanyaji wa medali za mbwa?

Mizani hii ya betri, yenye kikomo cha gramu 200 na inayosoma hadi gramu 0.01, haikosekani Bukavu kwa sababu ya wanegosia, yaani wafanyabiashara wa kati, wa dhahabu. Anayekusanya medali za kale za leseni ya mbwa (vibati vya shingoni vya kuonyesha mbwa amesajiliwa) ataifurahia kwa kazi moja tu: kujua medali ni ya chuma gani chini ya rangi na kutu.

Pima kwanza medali ikiwa kavu. Kisha weka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya sahani, bonyeza TARE mpaka isome 0.00, uzamishe medali kwa uzi mwembamba bila kugusa kuta wala chini. Gramu zinazosomeka ndizo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa ujazo: 8.50 kwa 1.00 ni 8.5, yaani shaba ya njano. Aluminiamu huleta karibu 2.7, zinki 7.1, chuma cha kawaida 7.8, shaba nyekundu 8.9. Jibu likija chini kuliko ulivyotarajia, mara nyingi ni viputo vya hewa vilivyonasa kwenye herufi; tone la sabuni ya vyombo majini huviondoa.

Faida yake huonekana kwenye tarehe. Aluminiamu ilianza kuwa rahisi baada ya njia ya Hall na Héroult ya 1886 ya kuitoa kwa umeme, basi medali ya aluminiamu yenye mwaka 1875 usiilipie bei ya ukale.

Udhaifu upo. Medali ndogo yenye ujazo wa 0.3 hivi haijulikani kama ni shaba ya njano au nyekundu, kwa sababu kosa la 0.01 tu ni asilimia tatu. Feni ikiwaka karibu, namba hazitulii. Na mizani haitakuambia kwamba kile kidude chekundu chenye umbo la moyo kutoka Marekani si leseni bali ni alama ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapo ni macho: neno RABIES na jina la kliniki. Leseni hubeba jina la mji au wilaya, mwaka na namba. Namba iliyogongwa kwa nyundo huacha uvimbe upande wa nyuma. Iliyomiminwa pamoja na medali nzima haiachi, nayo huwa na vitundu vidogo usoni.

Dukani, ijaribu kabla ya kupatana bei. Sarafu ya euro 2 ni gramu 8.50, ya euro 1 ni 7.50 (kambisti, yaani wabadilisha fedha, hawazitaki, lakini hapa zina kazi). Weka moja katikati ya sahani, kisha kwenye kila pembe. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya 0.02, chukua nyingine. Sarafu mbili pamoja zisiposoma 16.00, muulize muuzaji jiwe la kurekebishia, maana mizani nyingi huuzwa bila hilo.