Saint-Louis, Senegal: chumba hapana, sinia ndiyo

Mimi ni mpishi wa shughuli, Temeke. Pilau la watu mia tatu nalipika huku nagombana na watu kwenye simu, kwa hiyo mtu akinisifia wali wa kwingine huwa namsikiliza tu. Mtoto wa dada yangu anasoma Dakar, na kwa mwaka mzima amekuwa akinitumia picha za sinia la wali mwekundu, samaki katikati. "Mamdogo, njoo uonje." Februari nikaenda. Nikamwambia Dakar nitaiona nikiwa napita, yeye anipeleke huko wali wenyewe ulikozaliwa.

Safari sina mengi. Nilibadilisha ndege Addis Ababa. Kadi ya homa ya manjano ishike mkononi, usiifungie kwenye begi. Dakar mpaka Saint-Louis ni kama kilomita 260, tulikwenda na Peugeot kuukuu ya abiria saba ambayo haitoki kituoni mpaka kiti cha saba kipate mtu. Aliyezoea michomoko ya mikoani hatashangaa kitu.

Anayeijua Bagamoyo ataielewa Saint-Louis upesi. Wafaransa waliuanzisha mji huo mwaka 1659 kwenye kisiwa kilicho ndani ya Mto Senegal, karibu kabisa na bahari. Wenyeji wanakiita Ndar. Mwaka 1895 ukawa makao makuu ya makoloni ya Ufaransa Afrika Magharibi, 1902 Dakar ikauchukulia cheo, kama Dar ilivyoichukulia Bagamoyo mwaka 1891. Zimebaki nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao, kuta za manjano na za rangi ya udongo, plasta imebanduka vipande vipande. UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia tangu 2000. Pazuri, ila ukiwa na miguu mizima asubuhi moja inatosha, kwa sababu urefu wa kisiwa ni kama kilomita mbili tu.

Sasa chumba. Jina la nyumba ya wageni silitaji, maana kijana wa mapokezi alikuwa na adabu na kosa si lake. Faranga 35,000 kwa usiku, karibu laki na nusu ya kwetu. Kwenye picha kulikuwa na roshani inayotazama mto, na roshani kweli ipo. Ambacho picha haikuonyesha ni dirisha lisilofunga. Upepo wa Februari kule usiku una baridi, sikudhani, nilikuwa na khanga mbili na shuka lao jepesi. Maji ya moto yaliahidiwa jioni, yakaahidiwa tena asubuhi. Chai ilikuwa mkate mrefu wa Kifaransa, jemu na kahawa, basi. Usiku wa pili sikulala pale. Tulihamia ng'ambo, mtaa wa Sor, kwa kina rafiki yake mwanangu, na hapo ndipo safari yangu ilipoanza.

Kutoka Sor kwenda kisiwani unavuka daraja la chuma la Faidherbe, la mwaka 1897, mita 507. La Kigamboni limelizidi urefu, lakini hili livuke kwa miguu asubuhi na mapema, wanafunzi na wauza mkate wakiwa njiani.

Gari la farasi: mwenye nalo alianza na 15,000, mwanangu akamshusha mpaka 6,000 kwa Kiwolofu, mimi nimenyamaza nisije nikaharibu. Ushauri wangu, hela hiyo usiitumie kuzungukia kisiwa. Mwambie akupeleke Guet Ndar, mtaa wa wavuvi, kwa sababu pale yeye anajulikana na wewe hujulikani.

Guet Ndar ni ukanda wa mchanga, mto huku, bahari huku, na nyumba zimebanana katikati. Nimenunua samaki soko la Feri, Dar, miaka kumi na minane, nikadhani nimeshaona kila kitu. Mashua zao ni ndefu, zimepakwa rangi toka mbele mpaka nyuma. Zikifika hakuna meza wala sakafu, biashara yote iko mchangani: wanaume wanashusha makreti kichwani huku wanakimbia, akina mama wamesimama na pesa zao, kondoo wanapita katikati kama wana hisa. Mama mmoja alikuwa anabishania chewa kwa sauti ileile ya kwetu. Neno sikuelewa hata moja, bei niliielewa. Simu niliirudisha kwenye mkoba. Watu wako kazini, usiwapige picha kabla ya kuwaomba.

Pembeni kuna vichanja vya samaki wa kukausha, wanawaita gejj. Harufu yake ni ng'onda mara tatu.

Na upande wa baharini kuna vyumba vilivyobaki nusu, ukuta na mlango, nyuma yake maji. Mwaka 2003 mto ulipojaa walichimba mfereji mwembamba, upana mita nne, kwenye ulimi wa mchanga kusini ya hapo, ili maji yatoke mji usizame. Mji ulipona. Mfereji bahari ikaupanua yenyewe mpaka ukawa mlango mkubwa wa maji, na wavuvi wamekufa wakipita pale. Nilikumbuka Kunduchi kwetu, bahari ilivyokula ufuo. Dereva hakusema kitu, alimgeuza farasi taratibu.

Haya, sinia. Mama mwenye nyumba alibandika chungu saa nne, tukala saa nane. Chewa alitobolewa matundu, akashindiliwa kitunguu saumu, pilipili na majani ya kunukia, akakaangwa. Mafuta yaleyale yakapokea nyanya ya kopo mpaka ikawa nyeusi-nyekundu, yakaja maji, muhogo, karoti, kabichi, bilinganya na nyanya chungu (ndiyo, ngogwe zetu hizihizi), na kipande cha gejj. Vikiiva vinaopolewa, wali unaingia kwenye supu hiyo. Hakuna iliki, hakuna mdalasini, nikawa nasubiri kuona aibu kwa niaba yake.

Halafu akatoa mchele. Chenga! Zile tunazopepeta tukazitenga. Nikadhani wamepungukiwa, nikamnong'oneza mwanangu tukanunue mchele. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe Wafaransa walikuwa wanawaletea chenga za bei rahisi kutoka Indochina (Vietnam na jirani zake) enzi za ukoloni, watu wakazigeuza kuwa zao, na leo wali huu hauna heshima bila chenga. Nilipoonja nikaelewa: chenga inakunywa supu yote, punje nzima inabaki na ubishi.

Tulikaa watu sita, kila mtu na upande wake, na mwenye nyumba anakumegea samaki anamsogeza mbele yako bila kukuuliza. Ukwaju pembeni. Mwisho ukaja ukoko kwenye bakuli lake, nao una jina, xooñ, na watoto waliugombania kama kwetu. Mafuta yalizidi, nasema ukweli. Vingine vyote sina neno. Kisiwani nililipia sahani ya wali huohuo faranga 4,000 mgahawani, samaki kidole, ukoko hawakuuleta.

Kwa hiyo lala Sor kwa bei ndogo, tafuta mtu akukaribishe nyumbani, na vaa sweta. Sikubali kwamba umelishinda pilau langu, lakini Jumamosi iliyopita nilikwenda sokoni kununua chenga kilo kumi nijaribu. Muuzaji akanifungia, akaniuliza, "Mama, kuku umefikisha wangapi sasa?"