Darasa la Video au Redio na Simu ya Mwalimu: Kipi Humtuliza Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu?

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na mtandaoni, na swali la njia ipi humpa utulivu mtoto mwenye mahitaji maalumu lingali linaulizwa.

Kwa gharama, redio inashinda bila ubishi, kwa kuwa haihitaji bando wala simu janja. Tena haitegemei mtandao unaolegea, jambo zito kwa mtoto mwenye usonji (autism) ambaye ratiba isiyobadilika humtuliza, na ambaye picha ikiganda katikati ya somo huweza kufadhaika siku nzima.

Kwa mtoto kiziwi, hata hivyo, redio haina faida yoyote. Yeye anahitaji kuona mikono na uso wa mwalimu, na zaidi wenzake wanaotumia Lugha ya Ishara ya Kenya, kwa maana watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na nyumbani huenda asiwepo hata mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa ukamilifu. Upweke huo, kwa maoni yangu, ndio mzito kuliko yote, na video hata ikikwamakwama huupunguza.

Video hudai mtu mzima aketi kando ya mtoto. Mzazi anayeondoka alfajiri kwenda kibaruani atamudu zaidi redio, mradi mwalimu apige simu jioni na kuzungumza na mtoto mwenyewe. Mwenye mtandao thabiti na mtoto kiziwi aanze na vipindi vifupi vya video.