Ajira Portal kwa anayesaka kazi ya kwanza: makaratasi hupimwa kabla ya kichwa

Kwa kijana aliyemaliza chuo na hana mjomba ofisini, Ajira Portal ni mlango wa haki kuliko mingi iliyopo Tanzania, ila kizingiti chake ni kirefu. Huduma hii ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, inayopatikana kwenye portal.ajira.go.tz, haina ada. Nafasi zake nyingi za kuingilia hazidai uzoefu wa kazi, na matokeo ya mchujo hubandikwa kwa namba za mtihani. Hayo matatu huyakuti kirahisi kwenye sekta binafsi, ambako tangazo la karani wa kawaida linaweza kudai miaka mitatu ya uzoefu. Tunaipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nyota moja na nusu tumeikata kwa namna inavyomwacha mwombaji gizani kwa muda mrefu, na kwa gharama inazomtwika kimyakimya.

Kwanza, ukubwa wa foleni. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, iliyopokea maombi kwa mfumo wake yenyewe, ilitangaza nafasi 1,596 na kupata maombi 135,027. Ni maombi kama 85 kwa kila nafasi. Kwa idadi hiyo hakuna anayekaa kusoma barua yako kwa huruma. Mchujaji anatafuta sababu ya kukuweka pembeni, na waombaji wengi humpa sababu hiyo wenyewe.

Sababu inayoongoza ni kalenda ya vyuo. Mwanafunzi anamaliza mitihani Julai, mahafali ni kati ya Oktoba na Desemba, na cheti huja baadaye zaidi. Matangazo ya Sekretarieti yanasema wazi kwamba hati za muda, matokeo ya awali na slipu za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi. Kwa hiyo mhitimu wa Agosti anayeambatisha barua ya chuo ya "amemaliza na kufaulu" amejitoa mapema. Miezi hiyo ya kusubiri itumie kwa vitu vinavyochelewa: namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) kama huna, cheti cha kuzaliwa cha RITA, na vyeti vyako vya sekondari kama bado viko kwenye kabati la shule. Aliyesoma nje ya nchi anaongeza hatua moja, nayo haichukui siku mbili: shahada ikahakikiwe TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), stashahada na vyeti vya ufundi NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), vya sekondari NECTA (Baraza la Mitihani).

Kufungua akaunti si kazi. Unaweka barua pepe na nenosiri, unathibitisha kwa kiungo kinachotumwa kwenye barua pepe hiyo, kisha unajaza taarifa kwa kutumia namba ya NIDA. Namba inatosha, kadi yenyewe si lazima. Barua pepe iwe ya kwako, unayoikumbuka, si ile kijana wa steshenari aliyokufungulia na nenosiri akabaki nalo yeye. Hili linawatesa watu wengi kuliko wanavyokiri: siku ya kunakili namba ya mtihani ndipo mtu anagundua hawezi kuingia kwenye akaunti yake.

Kasoro kubwa zaidi huwa kwenye majina. NIDA inasoma Mwajuma H. Salum, cheti cha kidato cha nne kinasoma Mwajuma Hamisi, shahada inasoma Mwajuma Hamis Salumu. Kwako ni mtu mmoja, kwa meza ya uhakiki ni watatu. Kiapo cha kawaida cha wakili wengi hukibeba wakidhani kinatosha. Kinachohitajika ni hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Anza nayo mapema, kabla ya tangazo, kwa sababu ukiitwa kwenye usaili utakuwa na siku chache tu, na mlangoni hakuna maelezo yanayosaidia.

Viambatisho vina utaratibu wake, na ukiufuata kinyumenyume unalipa mara mbili. Toa nakala za vyeti vyote. Peleka nakala pamoja na vyeti halisi kwa wakili agonge muhuri na kusaini. Hapo ndipo uskani, kwa rangi, ili muhuri uonekane, kila cheti kwenye faili lake la PDF na jina linaloeleweka. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono haifai, maana wino wa bluu wa muhuri hupotea na nakala iliyothibitishwa ikaonekana kama isiyothibitishwa. Wengi huskani cheti halisi kwanza kwa kuamini kwamba "halisi ni bora", kumbe tangazo lilitaka kilichothibitishwa. Cheti cha kuzaliwa nacho kimo kwenye orodha hiyo. Shahada bila transkripti haijakamilika, na transkripti bila shahada ndiyo kabisa.

Wasifu binafsi uwe na anwani inayotumika, namba za simu zinazopatikana na wadhamini watatu. Wahitimu wapya huweka baba mdogo, mchungaji na rafiki wa chuo. Weka mhadhiri aliyesimamia utafiti wako, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo na mtu wa tatu aliyewahi kukuona ukifanya kazi yoyote, hata ya kujitolea. Waombe ruhusa kwanza na hakikisha simu zao zinaita.

Barua ya maombi ni karatasi moja, lakini ndiyo hukosewa kuliko karatasi zote. Ielekezwe kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Ukimwandikia mkurugenzi wa halmashauri unayoitaka, umekosea. Kwenye YAH andika jina la kada, yaani aina ya kazi, kama lilivyo kwenye tangazo, pamoja na daraja: Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II si sawa na Afisa Maendeleo ya Jamii Msaidizi. Chapa, saini kwa kalamu, skani, pandisha. Jina lililochapwa chini ya "wako mtiifu" si saini. Anayeomba kada nne kwa wiki moja ajihadhari na kupandisha barua ya jana: mada inasema Mhasibu, nafasi ni Mkaguzi wa Ndani, na hapo maombi yameisha.

Kabla hujabonyeza kitufe cha kuomba, soma tangazo lote, hasa kipengele cha sifa. Fani huorodheshwa moja moja, mara nyingi na maneno "au sifa nyingine zinazolingana na hizo". Maneno hayo yasikudanganye sana, maana anayeamua kinacholingana si wewe. Angalia pia ngazi ya mshahara. Nafasi za shahada serikalini nyingi huanzia ngazi ya TGS D, za stashahada TGS C, za cheti TGS B. Mwenye shahada anayeomba kada ya cheti kwa sababu "bora kuingia" anajiweka pabaya, kwa kuwa mtumishi akishaingia haruhusiwi kuomba tena nafasi za kuingilia kama mtu wa mtaani. Ukomo wa umri kwa asiye mtumishi ni miaka 45, jambo lisilomhusu mhitimu wa miaka 24, ila linamhusu anayedhani ana muda usiokwisha.

Usisubiri siku ya mwisho. Saa za mwisho mfumo huwa mzito, na faili lililogoma kupanda saa tano usiku halina wa kulilalamikia.

Ukishatuma, kimya kinaanza. Hapa ndipo huduma inapopoteza alama. Inaweza kupita miezi bila neno, na mtu hajui kama asubiri au akubali kibarua cha Kahama. Akaunti huonyesha hali ya maombi, na asiyeitwa hukuta sababu humo. Isome, kwa sababu ndiyo marekebisho yako ya tangazo lijalo. Maombi mapya bila kurekebisha kasoro ile ile ni kupoteza bando. Hata hivyo, sababu yenyewe ikija kwa maneno mawili matatu haimfundishi mtu mengi, na tungependa iwe ndefu zaidi.

Wito wa usaili hutoka kama PDF ya majina kwenye tovuti. Usitegemee kupigiwa simu. Zamani safari zote zilielekea Dodoma, na kwa mtu wa Kagera au Mtwara hiyo ilikuwa nauli, malazi na chakula kwa fedha ya kukopa. Sasa mchujo umesogezwa mikoani kwa kada nyingi, na hata mtihani wa kompyuta umeingia. Hilo ni pongezi ya kweli. Lakini kituo hufuata makazi uliyoandika kwenye akaunti, kwa hiyo uliyehama kutoka Mbeya kwenda kwa shangazi Kibaha, badili anwani kabla ya majina kutoka. Gharama zote za siku hiyo bado ni zako. Namba ya mtihani inakiliwe kutoka kwenye akaunti, kwa kuwa mlangoni haitolewi. Beba vyeti halisi vyote kuanzia kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Kada zenye bodi, kama uuguzi na uhandisi, zinadai pia usajili na leseni. Ukiomba kada mbili, kagua tarehe: mchujo wake unaweza kuangukia siku moja.

Watu hununua vitini vya "maswali ya utumishi" kwa bei ya kushangaza. Kabla ya kununua, rudi kwenye tangazo. Orodha ya majukumu ya kazi ndiyo mtaala ulio karibu zaidi na mtihani. Kama jukumu linasema "kuandaa taarifa ya usuluhishi wa benki", jifunze kuiandaa kwa mkono, na ujue kwa nini salio la daftari na la benki hupishana. Kwa kada za halmashauri, ongeza muundo wa serikali za mitaa, kuanzia kitongoji hadi baraza la madiwani. Kwenye usaili wa ana kwa ana jibu la dakika mbili lenye mfano kutoka mafunzo kwa vitendo linashinda hotuba.

Waliofaulu bila kupata kiti huingizwa kwenye kanzidata, na majina huchotwa humo nafasi zikipatikana. Hii ni sehemu nzuri ya mfumo isiyosifiwa vya kutosha, na ndiyo inayofanya orodha za kuitwa kazini ziwe na majina ya watu waliokwisha kukata tamaa. Endelea kufungua tovuti. Ila isiwe ndiyo mpango wako pekee: wakati unasubiri, mafunzo ya uzoefu kazini yanayoratibiwa na TaESA (huduma ya ajira ya serikali), ya miezi sita hadi mwaka, yanakupa msimamizi wa kuandika kwenye wadhamini na jambo la kusema kwenye usaili. Posho yake ni ndogo, hiyo ijulikane.

Kuhusu wanaopiga simu na kudai "hela ya kupitisha jina": wanajua jina lako kwa sababu PDF ya majina iko wazi kwa kila mtu. Hawana kingine. Hakuna hatua yoyote ya mfumo huu inayolipiwa kwa simu ya mtu.

Jina likitoka kwenye orodha ya kazini, barua ya kupangiwa kituo ina tarehe ya mwisho ya kuripoti, na vyeti halisi vitahakikiwa upya na mwajiri kabla ya barua ya ajira. Kituo hukichagui. Mshahara wa kwanza unategemea lini umeingizwa kwenye orodha ya malipo na kupata cheki namba (namba ya mtumishi kwenye orodha hiyo), hivyo nenda na akiba ya kodi na chakula cha miezi miwili, na uulize mapema kwa afisa utumishi utaratibu wa malimbikizo. Aliyesoma kwa mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) apige hesabu mapema: asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa kabla haijamfikia mkononi.