Upinde wa Jadi kwa Mnyama Mkubwa: Kwa Nini Ninaanza na Mshale

Ndugu watazamaji, asalaam alaikum. Leo niko shambani Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, nikiwa na pinde mbili, mishale ya uzito tofauti na gunia lililoshindiliwa nyuzi za mkonge, kwa sababu wengi wenu mmeniuliza ni upinde gani wa jadi unaomfaa mtu anayetaka kuwinda pofu au nyati. Jibu langu linaanzia kwenye mshale, si kwenye upinde.

Wazee wa nyika walikuwa na sumu. Waata, wawindaji wa upande wa Tsavo, kaskazini ya mpaka wetu, walivuta pinde zinazohitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 na kuangusha hata tembo, lakini kilichomuua tembo ilikuwa sumu ya mti wa msunguti, ambayo husafiri na damu mpaka moyoni na kuusimamisha. Leo sumu imekatazwa na sheria, na naona ni haki ikatazwe. Kwa hiyo mshale wetu umebakiwa na njia moja tu ya kuua, nayo ni kukata mapafu na mishipa mikubwa ili mnyama atokwe na damu upesi, na mshale usiofika huko humwacha mnyama akiteseka porini. Vilevile, mwenye nia ya kuwinda aanzie TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kuomba leseni na kuuliza kama upinde unakubaliwa kwa mnyama anayemtaka. Na jirani zetu wa Saadani wanajua kwamba ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wowote.

Tazameni mshale huu wa kwanza, wenye gramu 26. Nimeufuma kutoka hatua ishirini, nao umezama kwenye gunia shubiri moja. Huu wa pili una gramu 42, yaani takriban greni 650 kwa kipimo kidogo cha uzito wanachotumia wafumaji, na kwa upinde uleule, kutoka palepale, umezama shubiri moja na nusu. Mzito hwenda polepole na huanguka mapema, lakini ukishagonga haupotezi nguvu zake haraka. Mmarekani Ed Ashby, aliyefanya majaribio ya mishale kwa miaka mingi juu ya wanyama wakubwa wa Afrika, alifikia uzito huohuo wa greni 650 kuwa ndipo mshale unapoanza kupenya mfupa mzito kwa uhakika zaidi, na akasisitiza kwamba sehemu kubwa ya uzito ikae mbele, karibu na chembe, yaani ile ncha ya chuma yenye makali. Mbavu za nyati ni pana na zimekaribiana, kwa hiyo mfupa hauna budi kutarajiwa.

Chembe ninachokichagua ni cha makali mawili, cha chuma kigumu. Chenye makali matatu hufungua jeraha pana, lakini hukutana na upinzani mkubwa zaidi kwenye mfupa, na kwa nyati sikitaki. Vyembe hivi nilivinunua vikiwa butu kiasi kwamba havikunyoa hata unywele mmoja wa mkono wangu. Nilivinoa mwenyewe jioni mbili kabla ya kuvileta mbele yenu. Kumbukeni pia kwamba chembe kizito huufanya uti wa mshale ujikunje zaidi unapoachiwa, kwa hiyo anayeongeza uzito mbele atafute uti mgumu zaidi, la sivyo mshale utaruka ukiyumba na kupoteza nguvu njiani.

Sasa pinde. Huu ulionyooka ni wa ratili 50, na huu wenye ncha zilizopinda kuelekea mbele ni wa ratili 65, yaani nguvu ya kuzivuta, zote zikipimwa kwa mvuto wa inchi 28, ambao ni umbali wa kuvuta kamba. Mwenye mikono mifupi apime mvuto wake kwanza, maana kila inchi inayopungua huondoa takriban ratili mbili au tatu. Kwa pofu ningeridhika na ratili 55 zilizoshikwa imara, lakini kwa nyati singeshauri chini ya 65, na mtu ambaye mkono unamtetemeka kwa uzito huo amwache nyati mpaka mwili uzoee. Ilinichukua miezi mingi kuuvuta huu mkubwa bila kuinua bega.

Kwa hewa yetu ya Pwani, upote, yaani kamba ya upinde, wa mshipa wa mnyama hulegea kwa unyevu, kwa hiyo ninatumia wa dakroni, nyuzi za kiwandani. Upinde uliogundishwa kwa tabaka usiachwe ndani ya gari juani, kwa sababu gundi huachia.

Umbali nao hupimwa kwa mshale mmoja. Kila asubuhi, kabla mwili haujapata joto, ninafuma mara moja tu, kwa kuwa porini mara nyingi nafasi ni hiyo moja. Kwa hatua ishirini, mshale huo wa kwanza unaingia kwenye duara la upana wa sahani. Kwa hatua thelathini bado unatoka nje, na kwa sababu hiyo hatua thelathini si umbali wangu.