Maski, mapezi na kompyuta: vifaa vyangu vya kwanza vya kuzamia, na vile ambavyo bado nakodi

Jamani mliopata cheti cha Open Water juzi juzi, najua mko kwenye hali gani, cheti bado cha moto na kila ukifungua simu unaletewa regyuleta (kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi) zinang'aa na seti kamili za bei punguzo. Wenzangu hapa Unguja wananiuliza sana, hasa akina dada, nina hela kidogo nianze na nini? Basi haya ni maoni yangu kuhusu vitu vitatu nilivyonunua mie na navitumia mpaka leo.

Cha kwanza maski, na hapa nitakaa maana maski ikikukataa basi mbizi nzima imeharibika, unalipa hela ya boti mpaka Mnemba halafu muda wote uko chini unatoa maji kwa pua badala ya kuangalia kasa. Yangu ni ya Cressi, silikoni nyeusi, vioo viwili, ila jina la kampuni wala sio hoja, hoja ni uso wako wewe. Kuipima ni hivi, usivae mkanda wake, ibandike tu usoni, vuta hewa kidogo kwa pua halafu achia mkono. Ikiganda yenyewe bila kushikwa hiyo ni yako. Ikidondoka, au ukisikia kaupepo kanapita kwenye paji au chini ya pua, irudishe hata ikiwa imependeza vipi. Ndo maana maski siagizi mtandaoni kwa kuangalia picha. Jaribu ya mwenzio, jaribu za kituo ulichosomea, muombe instrakta akuwekee yake, ukishapata inayokukaa andika modeli yake ndo umtume mtu anayekuja kutoka Dubai au Muscat akuletee ile ile.

Dada zangu tunaojisitiri, hili halimo kwenye kitabu cha kozi kwa hiyo nalisema hapa. Silikoni lazima ikae kwenye ngozi tupu pande zote, ukingo wa kitambaa au nywele mbili tatu zikipita chini yake maji yanaingia tu. Mie navaa kofia ya laikra inayofunika nywele na shingo, nikishavaa maski napitisha kidole kuzunguka ukingo wote, pale nilipokuta kitambaa nakivuta nyuma, halafu mkanda wa maski unapita juu ya kofia. Stara iko pale pale na maji hayaingii. Na kaka zetu wenye masharubu, punguzeni kidogo pale chini ya pua, ndo pa kwanza kuvuja.

Kingine, maski mpya inatoka kiwandani na utando mwembamba kwenye kioo, haionekani lakini ndo inayoleta ukungu hata uteme mate mpaka yaishe. Chukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida, ile ya jeli hapana, paka ndani ya kioo usugue kwa kidole mizunguko mizunguko, usisugue silikoni, suuza, rudia tena. Kidole kikianza kulia kwii kwenye kioo ujue utando umetoka. Baada ya hapo mate kidogo kabla ya kuruka yanatosha kabisa.

Tafadhalini sana msinunue zile maski za uso mzima za kuogelea juu juu mkadhani ni za kuzamia. Huwezi kuziweka na regyuleta mdomoni, na nyingi huwezi kubana pua kufungua masikio. Miwani ya kuogelea nayo ndo kabisa usijaribu, pua iko nje, na ukifika mita 10 tu mgandamizo ushakuwa mara mbili ya juu, macho yanavutwa na huna njia ya kuingiza hewa mle ndani.

Mapezi nilichukua Mares Avanti Quattro, yana mifereji ya mpira kwenye ubao wake na nyuma yamefunguka kisigino, unavaa na buti. Ni mazito, kwenye begi la ndege yatakula kilo, ila yanasukuma kweli na mkondo ukianza kutembea utayashukuru. Hizi za kisigino wazi nimezipendea hasa kwa ajili ya pwani yetu ya mashariki. Matemwe maji yakitoka yametoka, boti inakusubiri huko mbali na mnatembea juu ya miamba na majani, bila buti shokomzoba watakumaliza miguu. Jaribu buti kwanza ndo ujaribu mapezi ukiwa umezivaa, maana saizi zinabadilika.

Sasa kompyuta ya kuzamia, ile ya kuvaa mkononi kama saa. Hapa ndo nasema bila kusita, ukiwa na hela ya kitu kimoja tu cha maana baada ya maski, nunua kompyuta. Yangu ni Cressi Leonardo, nje huwa inazungukia dola 200 hivi. Kwenye kozi tulifundishwa jedwali, kwamba mita 18 una dakika 56 za kukaa chini bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda, lakini jedwali linakuhesabia kana kwamba mbizi nzima ulikaa pale pale chini kabisa, wakati kiukweli unashuka, unapanda kidogo kwenye mwamba, unashuka tena. Kompyuta inahesabu kina chako wewe, dakika kwa dakika, na mbizi ya pili inakumbuka nitrojeni uliyobaki nayo mwilini kutoka ya kwanza. Ya kukodi uliyopewa mchana haijui asubuhi ulikuwa wapi. Na usitegemee ya mwongozaji wenu, yeye yuko mita 3 juu yako, namba zake ni zake.

Leonardo ina namba kubwa, hata maji yakiwa na vumbi unasoma. Ina kitufe kimoja tu, ukipita ulichotaka unazunguka menyu yote upya, kwa hiyo seti kila kitu nyumbani ukiwa umetulia, sio kwenye boti. Betri ni ile ya duara CR2430 na unabadilisha mwenyewe. Ukipanda haraka inakupigia alamu. Na ukitoka majini inakuonyesha alama ya ndege, hii watu wa Dar wanaokuja wikiendi naomba muiheshimu, mkipiga mbizi kadhaa ushauri ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mwenye haraka apande boti ya bandarini.

Regyuleta na jaketi la hewa bado nakodi. Duka moja la nje lilinishikilia nichukue seti nzima, wakaniandikia kila siku, mie nikawauliza swali moja tu, sevisi nitafanyia wapi? Hawakunijibu. Regyuleta nyingi zinataka sevisi kila mwaka au kila mbizi 100, na fundi awe amesomea aina hiyo hiyo na awe na vipuri vyake, huku kwetu mafundi hao ni wa kuhesabu. Regyuleta ya kituo kizuri inayotumika na kuangaliwa kila wiki naiamini kuliko yangu iliyolala kabatini miezi sita na chumvi. Ukiamua kununua, uliza kituo unachozamia wao wanatumia aina gani na mitungi yao ina mdomo wa DIN au wa yoki (ni namna mbili za kufunga regyuleta kwenye mtungi), ndo uchague.

Wetisuti, ile nguo ya mpira ya kuzamia, sina mengi, unene wa milimita 3 unatosha mwaka mzima, kaskazi maji ni ya moto tu, kusi yanashuka mpaka nyuzi 25 hivi na mbizi ya pili utasikia baridi. Chukua ndefu, konyeza hawachagui.

Ukibakiwa na chenji nunua boya la kujipulizia, lile refu la rangi ya chungwa, pamoja na kamba yake na filimbi. Ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote hapa lakini kwa Pemba na Leven Bank, ule mwamba wa chini ya maji kaskazini ya Unguja, mkondo unaweza kukutoa mbali na boti kabla hujajua, na kichwa cha mtu kwenye mawimbi hakionekani. Jifunze kulirusha ukiwa mita 5 na instrakta pembeni, kwenye maji yaliyotulia, kabla hujalihitaji.