Soyuz na Crew Dragon katika kubadilishana zamu Kituo cha Kimataifa cha Anga
Baada ya Marekani kustaafisha vyombo vyake vya anga (space shuttle) mwaka 2011, ni Soyuz ya Urusi pekee iliyowafikisha wanaanga kituoni, hadi Crew Dragon ya kampuni ya Kimarekani ya SpaceX ilipoanza mwaka 2020. Soyuz hubeba watu 3 na hutua nchi kavu, Kazakhstan. Crew Dragon hubeba 4 na hushukia baharini. Huyo wa nne ana thamani kubwa, kwa kuwa matengenezo ya kituo humeza saa nyingi za utafiti. Hata hivyo, nisingependa chombo kimoja kibaki peke yake: Soyuz MS-22 ilipovuja majimaji ya kupoozea Desemba 2022, Frank Rubio, mwanaanga wa Marekani aliyepangiwa kurudi nayo, alilazimika kukaa angani siku 371. Mapatano ya Marekani na Urusi ya kubadilishana viti katika vyombo hivi, yanayowaweka Mmarekani na Mrusi kituoni hata chombo kimoja kikizuiwa, yana busara kubwa.