Kilomita 312,000: vifaa vilevile vya breki na shokapu, mafundi wawili tofauti

Nianze na hali ya gari manake bila hio haya maoni hayatakusaidia. Gari dogo la petroli la mwaka 2003, gia za mkono, mbele diski nyuma dramu, mita ilikuwa inasoma 312,000. Injini nzima, haili oili, haichemshi, gia zinaingia vizuri. Ila miguu ya mbele ilikuwa imechoka kabisa, kila tuta inagonga ko-ko-ko upande wa dereva, ukiingia kwenye barabara mbovu stelingi inacheza mkononi, alafu ukishika breki gari linavuta kushoto na stelingi inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Tairi za mbele zote mbili zimelika kwa ndani tu, kwa nje bado zina kashata nzuri.

Nikaamua sitaki tena mambo ya kubadilisha kimoja kimoja. Hivyo vitu vya mbele vyote vilikuwa na umri mmoja, ukibadilisha bushi (zile mpira za kwenye maungio) leo boljointi (kiungo cha mpira wa chuma) inakufa mwezi ujao, unafungua kilekile ulichokifunga na unalipia alaimenti mara ya pili. Kwa hio nikanunua seti nzima ya mbele: shokapu mbili za gesi, mauntingi zake za juu na beringi zake, loa amu mbili (mikono ya chini inayoshika gurudumu) zinazokuja na bushi na boljointi tayari zimeshapachikwa, linki za stabilaiza (vifimbo vya ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), tairodi endi, diski mbili, pedi, kalipa mbili (zile zinazobana pedi kwenye diski) zilizokarabatiwa kiwandani, hosi za mpira mbili na fluidi ya breki daraja la DOT 4. Majina ya waliotengeneza na gereji zilizofunga siyataji, nachotaka ujue ni jinsi vilivyofungwa, manake vifaa vilikuwa vilevile na matokeo yakawa mawili tofauti kama usiku na mchana.

Gereji ya kwanza wamekaa na gari siku mbili. Nakuja kulichukua, nakanyaga breki, pedeli inazama kama umekanyaga godoro. Ukipampu mara tatu inapanda, ukiacha dakika moja inazama tena. Nikawaambia hii siondoki nayo. Wakatoa tena upepo ulionaswa kwenye fluidi ya breki mbele yangu, kijana mmoja ndani ya gari anapampu mwingine chini anafungua, kopo la fluidi likaisha likaja la pili, pedeli ikawa ileile. Mara ya tatu hivohivo. Mwisho wakaniambia masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedeli, imekufa ninunue nyingine. Sasa masta silinda ilikuwa inashika vizuri siku naleta gari! Pedeli ilikuwa ngumu, shida ilikuwa kuvuta na kutetemeka tu. Kitu kilichokuwa kizima asubuhi ya kuleta gari kikafia gereji, hapana, hio sikukubali. Nikaita gari la kuvuta likalipeleka kwa fundi mwingine, mzee mmoja anafanya kazi na mwanae tu.

Huyu mzee hakugusa kopo la fluidi. Alinyanyua mbele, akaweka stendi, akatoa tairi, akamulika kalipa kwa tochi kama sekunde kumi akaniita, "njoo uone mwanangu." Kile kiskrubu cha kutolea upepo kilikuwa kinaangalia chini. Upande wa pili, chini vilevile. Walikuwa wamefunga kalipa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Kwenye gari hili zinaingia bila ubishi wowote, matundu ya bolti yanalingana, hosi inafika, kila kitu kinakaa kama kimezaliwa pale, tofauti ni moja tu kwamba tundu la kutolea upepo linakuwa chini, na upepo kawaida yake unakaa juu. Kwa hio hata ukimwaga lita kumi za fluidi, inatoka fluidi safi haina hata povu moja na wewe unafurahi, kumbe upepo umekaa juu kwenye kalipa umetulia. Kama wewe umebadilisha kalipa na pedeli inagoma kuwa ngumu, kabla hujanunua chochote angalia hicho kiskrubu kiko juu au chini.

Akazibadilisha upande. Kabla ya kutoa upepo akachukua kipande cha mbao akakiweka chini ya pedeli ili isifike kwenye sakafu. Nikamuuliza ya nini, akanieleza kitu ambacho sijawahi kusikia gereji yoyote: masta silinda ya gari lililotembea sana, zile mpira za ndani miaka yote zinatembea kaeneo kafupi tu, kule mbele zisikofika kuna uchafu na kutu, sasa ukipampu pedeli mpaka chini kabisa unazisukuma kwenye huo uchafu zinachanika. Yaani wale wa kwanza walivyokuwa wanapampu mpaka sakafuni walikuwa karibu kuiua kweli hio masta silinda. Bahati ikasalimika. Upepo ukatoka, mara hii mapovu niliyaona kwa macho yangu kwenye mpira mweupe wa kutolea, makubwa, yakaendelea kwa muda alafu yakakata. Pedeli ikawa ngumu juu kabisa, sentimita chache inashika.

Sasa hapo ningeweza kuondoka na furaha zangu lakini mzee akasema kama walikosea hili ngoja tuangalie mengine, na nashukuru sana alivyosema vile.

Akalishusha gari likakaa kwenye tairi zake juu ya ngazi zake za chuma, akaingia chini akalegeza bolti za bushi za loa amu. Bolti ilivyolegea nikasikia "KAK!" na mbele ya gari ikashuka kidogo, unaiona kabisa kwa macho. Ikawa hivohivo upande wa pili. Maelezo yake ni haya: bushi ya mpira ina bomba la chuma katikati, mpira umegandishwa kwenye hilo bomba, hauzunguki kama beringi, unajinyonga na kurudi. Ukikaza bolti huku magurudumu yananing'inia, umeiganda bushi kwenye mkao wa kuning'inia, gari likishuka chini bushi inakuwa imenyongwa muda wote hata ukiwa umepaki, na kila tuta unainyonga zaidi. Bushi mpya kabisa namna hio inachanika mapema sana na watu wanasema vifaa feki. Unatakiwa uache bolti legelege, ushushe gari likae na uzito wake, ndo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kazi ya dakika kumi kwa upande! Mimi nimeshabadilisha bushi za hili gari mara mbili miaka ya nyuma na mara zote nililaumu mpira, sasa hivi sina uhakika kabisa kama mpira ndo ulikuwa na kosa.

Kingine ni diski. Diski ni mpya, zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu ambayo unatakiwa uyasafishe kabla ya kufunga, hayo walisafisha sawa. Lakini zilikuwa zimekalishwa juu ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu ya miaka 20. Mzee akaweka kile kipimo cha saa chenye mshale akazungusha diski polepole, mshale ukacheza milimita 0.12. Akatoa diski, akasugua habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikaonekana, akafuta, akarudisha, akakaza kwa nati za tairi, akapima tena: 0.03. Kwa kawaida inatakiwa isizidi kama 0.05. Kutetemeka kwa stelingi ukishika breki watu wengi husema diski imepinda kwa moto, mara nyingi shida inaanzia kwenye kakutu kadogo hapo nyuma, diski inazunguka kwa kuyumba, inagusa pedi sehemu moja kila mzunguko hata hujakanyaga, taratibu inalika unene haulingani, baada ya kilomita elfu kadhaa ndo unaanza kusikia mtetemo. Ningerudi kulekule kwenye shida ya mwanzo na diski mpya.

Vile vifaa vya zamani nilikuwa nimeviomba nikaondoka navyo, mzee akavipitia kimoja kimoja. Kalipa ya kulia ilikuwa na jibu la kwa nini gari lilikuwa linavuta kushoto. Pini zake zimekauka hazitelezi kabisa, alizipiga nyundo ndo zikatoka. Pedi ya ndani imeisha imebaki bati, ya nje ina nusu nzima. Kwa hio breki ya kulia ilikuwa haifanyi kazi yake na kushoto inashika peke yake, ndo gari linaenda kushoto. Mimi muda wote nilikuwa nafikiria ugonjwa uko kushoto! Kwenye kalipa mpya akahakikisha pini zimepakwa grisi ya silikoni, akasisitiza isiwe ile grisi ya kawaida ya beringi manake inavimbisha mpira na pini zinakwama tena.

Tukija kwenye vifaa vyenyewe. Shokapu nazipenda sana, gari lilikuwa linainamisha pua ukishika breki na likiruka tuta linaendelea kupiga mbizi mara tatu nne, sasa linashuka mara moja linatulia. Na watu wasifikirie shokapu ni mambo ya raha tu, shokapu ikifa tairi inadunda badala ya kushika barabara, breki nzuri kiasi gani haisaidii kama tairi iko hewani. Malalamiko yangu ni kwamba zimekuja bila dasti kava (kifuniko cha kuzuia vumbi) na bila ile stopa ya mpira, na maelezo ya kwenye boksi hayasemi. Za zamani zilikuwa zimebaki unga. Nunua kabisa kabla hujapeleka gari, manake bila hizo vumbi linakata sili na shokapu inaanza kuvuja ikiwa bado mpya. Mauntingi na beringi za juu badilisha pamoja, usirudishe za zamani, zile ndo zilikuwa zinafanya stelingi iwe nzito na ijirudie kwa shida ukitoka kona.

Springi tulibakiza zilezile, zilikaguliwa mzunguko wa chini kabisa pale maji yanapokaa, hazina ufa. Na naomba sana, kama hujui hii kazi usijaribu nyumbani kufungua nati ya juu ya shokapu bila mashine ya kubana springi. Ile springi iko imebanwa, ikiachia inaua mtu.

Loa amu nzuri, boljointi zimebana, haina kelele. Linki za stabilaiza ndo kitu dhaifu kwenye seti yote, moja kimpira chake kilichanika kwenye kilomita 3,000 grisi ikatoka, nimebadilisha nikaweka aina nyingine. Hio naipa nyota mbili. Pedi zilipiga kelele kidogo siku za mwanzo, tulizikalisha kwa kupunguza mwendo kutoka kama kilomita 60 kwa saa mpaka 10 bila kusimama kabisa, mara nane tisa hivi, unaacha kanafasi zipoe, baada ya hapo kelele ikaisha na breki ikazidi kuwa kali.

Nyuma sikupanga kugusa, ila mzee alipokunja kile kimpira cha wili silinda (kasilinda kanakosukuma breki za dramu) kulikuwa na unyevu wa fluidi ndani, upande mmoja. Tukaweka wili silinda mpya pande zote na lainingi, hendibreki ikarekebishwa, fluidi ya mfumo mzima ikabadilishwa. Ya zamani ilitoka rangi ya chai. Hio fluidi inavuta unyevu wa hewani taratibu, DOT 4 mpya inatakiwa ichemkie nyuzi 230 au zaidi, ikishavuta maji inaweza kushuka mpaka 155, na kwenye mteremko mrefu ikichemka ndani ya kalipa unakuwa na mvuke badala ya fluidi, pedeli inazama ukiwa unaihitaji kuliko wakati wowote. Kila miaka miwili badilisha hata kama inaonekana safi.

Baadae alaimenti, na nikarudi nati za tairi zikakazwa tena baada ya kilomita 100.

Gereji ya kwanza nawapa nyota moja, na hio moja ni kwa sababu walinirudishia vifaa vyangu vya zamani. Kukosea kalipa naweza kusamehe, mtu anachoka, inatokea. Ila kuniambia ninunue masta silinda bila hata mmoja wao kuinama na tochi kuangalia kazi waliyoifanya wenyewe, alafu kukubali nitoke barabarani na pedeli ile kama nisingegoma, ndani ya gari ambalo watoto wangu wanapanda kila siku, hilo bado linaniuma. Mzee na mwanae nyota tano, na gari langu lingine litakwenda kwao.

Juzi mita imesoma 318,400, nikatoa tairi mwenyewe kuangalia. Kulia, pedi ya ndani milimita 10, ya nje milimita 10. Kushoto vilevile. Pini nikazivuta kwa vidole viwili zikateleza. Bushi hazina hata mkwaruzo. Nikarudisha tairi nikakaza.